Barua ya wazi kwa uongozi wa shule: mrudishieni mwanangu jina lake

Kwa Mkurugenzi,
Mwalimu Mkuu,
na wajumbe wote wa bodi ya shule,
Dar es Salaam.

Ndugu viongozi,

YAH: WATOTO WETU KUBADILISHWA MAJINA SHULENI

Shikamooni wote mlionizidi umri, na wengine habari za kazi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi hapo kwenu, mwanangu yupo darasa la tatu, na naandika hadharani kwa sababu ofisini kwenu nimeshindwa. Nilianza kwa madam wa darasa, akanipeleka kwa mwalimu wa taaluma, mwalimu wa taaluma akasema huo ndo utaratibu wa shule kama sijaridhika niandike barua, nikaandika, nikaiacha kwa sekretari na akagonga muhuri wa kupokea, mpaka leo kimya. Kwenye kikao cha wazazi nikanyoosha mkono nikaambiwa hilo lisubiri kwenye mengineyo, mengineyo ilipofika muda umeisha na soda zinagawiwa. Nikaandika kwenye grupu la wazazi, meseji ikafutwa na nikaambiwa inbox kwamba pale ni mahali pa matangazo ya shule tu. Sasa mnataka niseme wapi?

Jina la shule siliandiki, wala la mwalimu yeyote. Sitafuti kumharibia mtu riziki yake, na mwanangu bado anasoma hapo na anafundishwa vizuri, hilo nalisema mbele ya kila mtu. Hesabu anajua, Kiingereza anaongea mpaka baba yake anashangaa. Lakini mna jambo moja mnalolifanya ambalo si haki yenu, na nitalipanga kwa namba ili mkija kunijibu mjibu pointi kwa pointi.

1. Jina la mwanangu ni Sikudhani.

Ndilo lililopo kwenye cheti cha kuzaliwa, na nakala yake mnayo kwenye faili kwa sababu mliitaka wenyewe siku ya kumwandikisha. Yeye Sikudhani, baba yake Mabula, babu yake Shija. Alipokuwa darasa la kwanza akarudi siku moja na daftari limeandikwa Cindy, nikajua amebeba la mwenzie nikamwambia kesho alirudishe, akaniambia mama huyo ndo mimi. Nikachukulia ni utani wa madam. Kumbe kitambulisho kikaja Cindy Shija, ripoti fomu Cindy Shija, cheti cha kusoma vizuri Cindy Shija, na kwenye daftari la gari la shule dada wa gari anaita Cindy. Nilipouliza nikaelezwa, tena kwa upole tu, kwamba shule ni ya mchepuo wa Kiingereza, majina kama hilo la kwake hayakai vizuri, yanamshushia mtoto kujiamini, kwa hiyo wamemtafutia linalofanana.

Na baba yake mmemruka kabisa, eti fomu yenu ya kwenye kompyuta ina nafasi mbili tu, ya jina la kwanza na ya ukoo. Shija si ukoo, Shija ni babu yake. Mtanzania anaandikwa majina matatu, lake, la baba na la babu, kila mtu hapo ofisini kwenu ana majina matatu kwenye kitambulisho chake cha taifa.

Na si mwanangu peke yake. Yupo Tabu, yupo Mashaka, wapo pacha wa darasa la kwanza Kulwa na Doto ambao mama yao aliambiwa achague mengine mawili "ya kisasa". Wengine wamekubali kwa aibu na wengine kwa kuogopa mtoto ataandamwa, na mimi siwalaumu.

2. Hamkuuliza majina hayo yametoka wapi.

Hili ndo linaloniuma kuliko yote kwa hiyo nitalieleza kwa urefu, mnivumilie.

Tulikaa kwenye ndoa miaka bila mtoto. Wanawake wenzangu wanajua maana yake hapa mjini, kila harusi, kila msiba, kila kitchen party lazima mtu akuulize, na asiyekuuliza anakuangalia tumboni. Hospitali tulikwenda, vipimo tulipima, dawa za miti nilikunywa chungu na chungu zaidi, mpaka mama yangu akapiga marufuku mtu yeyote kuniuliza akiwepo. Mama mkwe wangu kule Tabora naye alishanyamaza, akawa akipiga simu anaulizia afya zetu na mvua za huku basi. Siku nimekwenda zahanati najua ni malaria, nesi akaniambia nenda ukalete kipimo kingine. Mtoto alipozaliwa mama mkwe akapanda treni ya reli ya kati, akafika na kanga mbili mpya, akampakata, akalia, akasema huyu mimi sikudhani. Siku ya saba tukamchinjia akika na jina likasomwa hilohilo, hakuna aliyeleta lingine. Kwa hiyo mkiona neno kwenye rejesta lisilofurahisha masikio yenu, sisi tunasikia bibi yake anashukuru.

Na baba yake ni Mabula kwa sababu alizaliwa mvua inanyesha, mbula kwa Kinyamwezi na Kisukuma ni mvua, angekuwa wa kike angekuwa Kabula. Na babu yake ni Shija kwa sababu alizaliwa baada ya pacha. Wanyamwezi na Wasukuma wana mpangilio wao, pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, anayefuata tumbo hilo ni Shija. Ukisikia tu Shija unajua juu yake kuna wawili wamemtangulia, hata kama hawakuishi. Babu yetu pacha wake hawakuishi. Jina lake ndo kitu pekee duniani kinachosema waliwahi kuwepo, hawana picha, hawana cheti, hawana kaburi linaloonekana. Sasa yule mama aliyeambiwa awaite Kulwa na Doto majina mengine, mnajua mlikuwa mnamwomba afute nini?

Upande wangu sisi ni Wazaramo wa Kisarawe, watani wa hao Wanyamwezi tangu zamani za misafara, na majina yetu ndo hayo ambayo shule yenu ingeyafyeka yote kwa siku moja. Dada yangu mkubwa ni Chausiku, alizaliwa usiku, mwingine Tatu kwa kuwa ni wa tatu, mwingine Mwanaidi kazaliwa sikukuu ya Idi. Babu yake mama yangu aliitwa Kondo, yaani vita, maana alizaliwa kwenye vita ya Maji Maji. Hakuna mtu kijijini aliyeandika tarehe. Ila vita vile vilikuwa 1905 mpaka 1907 na kwa jina hilo moja tunajua mzee wetu alizaliwa lini, na alizaliwa watu wakiwa kwenye hali gani. Ndivyo watu walivyokuwa wanatunza kumbukumbu kabla ya karatasi. Juma, Jumanne, Hamisi, Mwanahamisi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani, hizo zote ni siku na miezi, Mosi na Pili ni namba ya uzazi, Mwanamvua ni majira, Mashaka na Shida na Tabu ni habari ya nyumba ilipitia nini mtoto huyo akiwa tumboni. Wapo pia waliowapa watoto majina mazito makusudi, baada ya kuzika wale wa mwanzo, wakiamini mtoto mwenye jina la hivyo kifo hakitamtamani. Mtu anaweza kukataa imani hiyo, sawa, lakini mwanamke aliyempa mwanae jina akiwa bado na udongo wa kaburi la mwingine kwenye kucha zake huwezi ukamwambia jina lako halikai vizuri.

Halafu nikiwa nimekaa kwenye benchi ofisini kwenu nasubiri kuitwa, nilikuwa natazamana na picha ya Baba wa Taifa ukutani. Alizaliwa 1922, kwanza akaitwa Mugendi, mwenye kutembea, kisha wakampa Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake, yule mtemi wa Wazanaki, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa viwavi vimevamia nchi yao, na nyerere kwa Kizanaki ni viwavi. Hilo Julius alilipata kwenye ubatizo 1943, akiwa na miaka 21 tayari, na hakuyatupa yale mengine, alikwenda nayo mpaka Umoja wa Mataifa, na uwanja wetu wa ndege wa hapa Dar umeandikwa jina la viwavi vile na sote tunaona fahari. Je, angekuja leo kuandikishwa kwenu mtoto anayeitwa Mvua mtoto wa Viwavi, mngemwacha? Au Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara kubwa ya katikati ya mji ina jina lake na magari yenu ya shule yanapita hapo, jina lile lingemaliza wiki kwenye rejesta yenu bila kubadilishwa? Jibuni kwa dhati ya moyo.

3. Mnabagua, hata kama hamkukusudia.

Darasani kwa mwanangu yupo Goodluck na hajaguswa. Wapo Happiness, Lightness, Gift, na hawajaguswa, na wasiguswe kamwe, maana nao wazazi wao waliwapa kwa sababu zao, tena nyingi ni sababu kama zetu, ni shukrani. Lakini Bahati wa darasa la pili ameambiwa jina lake ni la kizamani. Yaani Goodluck anakaa na Bahati anaondoka. Mimi sina haja ya kuongeza neno hapo, wajumbe wa bodi kaeni mlitazame hilo peke yake mpaka mpate maelezo ya kuwapa wazazi.

4. Karatasi zitakuja kumtesa.

Mwakani ni darasa la nne, kuna upimaji wa kitaifa, na baadaye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Majina yanayokwenda Baraza la Mitihani yanatoka shuleni kwenu. Mkipeleka Cindy, cheti kitasoma Cindy, na cheti cha kuzaliwa kinasoma Sikudhani. Akimaliza sekondari akiomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, akienda NIDA kuomba kitambulisho ataulizwa huyu Cindy ni nani, ajira vivyo hivyo, pasipoti vivyo hivyo. Ataanza kuhangaika na hati za kiapo na dipoli, yaani hati ya kubadilisha jina, kwa mawakili, hela itoke, muda upotee, kwa kosa ambalo si lake. Sote tunao ndugu ambao maisha yamekwama kwa herufi moja tu iliyokosewa kwenye cheti, sembuse jina zima.

Hapohapo niseme la herufi. Kuna walimu wanaandika Sikuzani, na Ramadhani wanaandika Ramazani. Ni dogo lakini rekebisheni, kwa sababu kwenye sistimu ya serikali dh na z ni watu wawili tofauti.

5. Mtoto mwenyewe mmeshamfundisha kuona aibu.

Hapa nashindwa hata kuandika vizuri. Mwaka jana aliniomba nikienda kumchukua getini nisimwite Sikudhani, nimwite la shule, wenzie wasisikie. Kisha bibi yake akapiga simu kutoka Tabora, akasema niitieni Sikudhani wangu, mtoto akamjibu bibi mimi sasa hivi naitwa Cindy. Bibi akaniuliza mimi, mama, hilo limetoka wapi, tumemkosea nini mtoto? Nikamdanganya kwamba ni mchezo wa shuleni. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kuchukia jina lake mwenyewe kama hajafundishwa na mtu mkubwa, na mtu mkubwa huyo yupo kwenye mshahara ninaoulipa mimi kwa ada.

Na mimi je? Mtaani kwetu hakuna anayenijua kwa jina nililozaliwa nalo, mimi ni Mama Sikudhani, kuanzia dukani mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi, hata mume wangu ndivyo anavyoniita. Nililisubiri jina hilo kwa miaka. Nikifika getini kwenu mlinzi ananiambia karibu Mama Cindy. Mmebadilisha majina ya watu wawili.

Sasa najua majibu mtakayonipa, kwa sababu mengine nimeshapewa mdomoni.

Mtasema ni jina la kumbembeleza tu, la shuleni. Jina la kubembeleza linaitwa, haliandikwi kwenye ripoti na kitambulisho. Hata mimi nyumbani namwita Siku, lakini sijawahi kulijaza kwenye fomu.

Mtasema nilisaini fomu ya kujiunga na kanuni za shule. Nimeisoma tena neno kwa neno, ina mambo ya ada, sare, nywele, simu na muda wa kuchelewa. Hakuna mstari unaosema shule itampa mtoto jina.

Mtasema walimu kutoka nje wanapata tabu kutamka. Hao walimu tunawasikia wanachambua mpira, wanatamka Lewandowski bila kujikwaa. Sikudhani ina silabi nne na kila moja inasomwa kama ilivyoandikwa, wafundisheni, watoto watawasaidia.

Mtasema wenzie wanamcheka. Ni kweli watoto huchekana, lakini mtoto akichekwa kwa rangi yake au kwa kilema mwalimu huwa anawakemea wanaocheka, hambadilishi anayechekwa. Kwa nini kwenye jina mmefanya kinyume?

Mtasema jina baya humfuata mtu. Hili ndo naliheshimu zaidi, maana mjumbe mmoja wa bodi ambaye ni mtu wa dini alinieleza vizuri kabisa kwamba mtoto anastahili jina lenye maana njema na kwamba Mtume mwenyewe aliwabadilishia watu majina mabaya. Sikatai. Najua pia habari ya Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kule Unguja na kuitwa Mtumwa, na akaja kuwa Siti, mwanamke aliyesafiri mpaka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Majina ya watu hubadilika, watu husilimu, hubatizwa, wengine wakikua wanaamua wenyewe na sheria inawaruhusu. Lakini mwenye haki hiyo ni mwenye jina akiwa mtu mzima, au waliompa. Sikudhani halina tusi wala halimdhalilishi mtu. Na hata lingekuwa zito kiasi gani, mngeniita tukae tuongee, si kulikuta kwenye jalada la daftari.

Na mtasema hizi ni hisia za mama tu, hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inasema mtoto ana haki ya jina na uraia na kuwajua wazazi wake na ndugu zake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, kwenye ibara ya 7 unampa haki ya jina tangu anapozaliwa na ibara ya 8 unataka utambulisho wake, jina likiwemo, ulindwe. Mimi si mwanasheria, nimeyasoma mwenyewe kwenye simu usiku, na nyie mna mwanasheria kwenye bodi.

Ninachoomba ni hiki.

Moja, jina la mwanangu lirudishwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, yote matatu, kwenye rejesta, ripoti, kitambulisho, kompyuta na kila mahali, na nipewe barua yenye muhuri inayosema limerudishwa. Hili lifanyike kabla majina ya darasa la nne hayajapelekwa popote.

Mbili, watoto wengine wote mliowabadilisha wazazi wao waitwe waulizwe, kwa maandishi, wanataka mtoto aandikwe vipi. Atakayesema anapenda hilo jipya ni uamuzi wake, sitamwingilia.

Tatu, utaratibu huo ufutwe kabisa na walimu wote waambiwe kwenye kikao chao, wakiwemo wapya, kwamba jina la mtoto ni la kwenye cheti cha kuzaliwa. Na fomu yenu iongezwe nafasi ya tatu, fundi wa kompyuta hawezi kushindwa hilo.

Nne, madam wa darasa akae na mwanangu, na mwenzie Tabu, na wale pacha, awaambie kwa mdomo wake kwamba majina yao ni mazuri na shule ilikosea. Akiwaambia mbele ya darasa itakuwa bora zaidi, kwa kuwa waliyasikia yakikataliwa mbele ya darasa. Sitaki afukuzwe mtu wala akatwe mshahara, nataka aseme tu.

Tano, na hili ni ombi zaidi ya madai, tengeni kipindi kimoja kila muhula wa kwanza, kila mtoto akaulize nyumbani nani alimpa jina na kwa nini, arudi awasimulie wenzie. Haigharimu hata shilingi. Watoto wa Dar wametoka kila kona ya nchi hii. Yule Haika wa darasa la nne atawaeleza kwao Kilimanjaro wanashukuru vipi, Mugisha ataeleza baraka za Kihaya, Makame na Kombo watasema ya Zanzibar, na Lightness atakuwa na ya kwake. Mkihitaji mtu wa kuanzisha nitakuja mimi, au mama mkwe akiwa mjini nitamleta yeye, anaongea vizuri kuliko mimi.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya kufungua muhula ujao. Nikikosa, barua hii pamoja na nakala ya ile yenye muhuri wenu nitaipeleka kwa Afisa Elimu Kata, na kwa wadhibiti ubora wa shule wa wilaya, na mwanangu ataendelea kuja shuleni kama kawaida, ada imelipwa. Asiandamwe kwa hili. Akiandamwa nitajua.

Ofisi ikitaka kuniita namba yangu mnayo kwenye faili lake, na nitakuja na baba yake siku yoyote mtakayopanga isipokuwa Jumatatu, Jumatatu anakuwa safarini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Sikudhani
Mzazi, darasa la tatu
Mbagala, Dar es Salaam

Nakala: Mwenyekiti wa kamati ya wazazi
Mwalimu wa darasa la tatu
Wazazi wote ambao watoto wao wamebadilishwa majina